Wati 5 zilizokuwa 2: historia fupi ya kupima nguvu ya redio

Mwaka jana nilisimama kwenye semina ya idara nikiwa na grafu niliyokuwa naipenda sana. Nilikuwa nimekusanya data ya miezi mitatu kwa kutumia redio moja ya mawasiliano ya mtumba, antena ya waya juu ya paa, na programu inayoitwa WSPR. Grafu yenyewe ilishuka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia: bendi ya megahezi 14 juu, megahezi 21 katikati, megahezi 28 chini. Hitimisho langu lilikuwa kwamba kwenye njia ya kutoka huku kwetu kwenda Ulaya, ionosfia inazibana zaidi bendi za juu.

Msimamizi wangu akauliza, "Hizo wati 5 umezipimia wapi?"

"Kwenye redio, Profesa. Skrini inaonyesha 5."

"Na redio nani aliiambia kwamba hizo ni 5?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini, na wiki iliyofuata nikaanza kutafuta. Nilidhani nitasoma kurasa mbili za kitabu cha fundi, basi. Nikajikuta kwenye hadithi ya zaidi ya miaka 100 ya watu wanaobishana kuhusu jambo linaloonekana dogo: wati moja ya redio ni nini, na unasimama wapi unapoihesabu?

Kwanza nieleze kwa nini swali la Profesa liliniuma. WSPR ilitolewa mwaka 2008 na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 na ambaye pia ni mwanaredio wa ridhaa. Kituo chako kinatuma ujumbe mfupi unaochukua chini kidogo ya dakika 2. Ndani yake mna vitu vitatu tu: alama ya kituo, mahali kilipo, na nguvu ya kutumia. Vituo vingine duniani vikikusikia vinaandika umesikika kwa kiwango gani, na data inakwenda kwenye hifadhi ya wazi. Sasa angalia hapo kwenye nguvu. Namba hiyo unaiandika mwenyewe. Programu haina mita. Ukisema wati 5, inakuamini, inaitangaza dunia nzima, na mtafiti mwenzako wa Brazili au Japani atakayetumia data yako naye anakuamini.

Ni kama mizani ya bucha. Mteja haoni kilo, anaona mshale. Ndiyo maana kuna watu wanaokuja na mawe ya kipimo kuihakiki mizani. Kwenye redio kazi hiyo mafundi wanaiita kalibresheni. Tatizo ni kwamba wati ya redio haina jiwe la kuweka juu ya sahani.

Kilowati ya ukutani

Tuanze mwaka 1912. Marekani ilipitisha sheria ya redio baada ya miaka ya vurugu hewani, na watu binafsi waliokuwa wakicheza na redio wakawekewa mipaka miwili: wasizidi wimbi la urefu wa mita 200, na wasizidi kilowati 1. Kilowati ya wapi? Ya kuingia kwenye transfoma.

Transmita za wakati huo zilikuwa za cheche. Umeme mkubwa unaruka kwenye mwanya, cheche inalia, na sehemu ya nishati hiyo inatoka kwenye antena kama wimbi. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni kiasi gani kinatoka. Lakini kinachoingia kinapimika kwa mita za kawaida za umeme. Kwa hiyo sheria ilipima mlango wa nyuma: tunahesabu unga ulioingia jikoni, mikate iliyotoka ni shauri lako.

Si kwamba walikuwa wajinga. Mkaguzi alihitaji kitu anachoweza kukithibitisha kwa vifaa alivyonavyo, na mkondo wa masafa ya redio, unaogeuka mwelekeo mara mamilioni kwa sekunde, ulizishinda mita za kawaida.

Valvu zilipochukua nafasi ya cheche, desturi ikabaki. Sasa ulipima volteji ya umeme wa moja kwa moja kwenye valvu ya mwisho, ukazidisha na mkondo wake. Volti 1,000 mara ampia 0.1 ni wati 100. Hesabu ya darasani. Desemba 1921, Paul Godley alikuwa ndani ya hema huko Ardrossan, Scotland, akisikiliza vituo vya ridhaa kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Kituo kimojawapo alichokipokea vizuri kilikuwa 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kilichoendeshwa na kundi ambalo Edwin Armstrong alikuwemo. Nguvu yake inatajwa kuwa chini kidogo ya kilowati 1, na hiyo nayo ni nguvu ya kuingia.

Sasa ona shida. Valvu moja inayoendeshwa vizuri inaweza kutoa kama asilimia 70 ya nguvu inayoingia. Nyingine iliyorekebishwa ovyo inatoa nusu, na inayobaki inaishia kuwa joto chumbani. Wanaredio wawili wanaandika "kilowati 1" kwenye daftari zao, mmoja anarusha wati 700, mwingine 500. Wote wako ndani ya sheria. Ukilinganisha daftari zao kama data ya sayansi, umekwisha.

Joto halidanganyi, ila linachelewa

Kwa hiyo wapimaji wakageukia kitu ambacho hakijali umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde: joto. Pitisha mkondo kwenye waya mwembamba, waya unapata moto. Mkondo uwe wa betri au wa redio, moto ni moto.

Mita za kwanza za antena zilifanya hivyo hasa. Waya ulipata joto, ukarefuka kidogo, na urefu huo ukasogeza mshale. Nyingine zilitumia themokapo, yaani metali mbili tofauti zilizounganishwa ambazo zikipata joto zinazalisha volteji ndogo. Tabia hiyo aliigundua Thomas Seebeck mwaka 1821, miaka mingi kabla ya redio. Mita za namna hii ziliungua haraka ukizizidishia mkondo, lakini zilisema kweli.

Zilisema kweli kuhusu mkondo lakini. Ili upate wati unahitaji mkondo mara mkondo mara ukinzani. Ampia 1 kwenye antena yenye ukinzani wa omu 10 ni wati 10. Ampia hiyohiyo kwenye omu 70 ni wati 70. Na ukinzani wa antena unabadilika kwa kimo chake, udongo ulio chini yake, na bendi unayotumia. Mshale uko sahihi, jibu si sahihi.

Wenye mifuko myepesi walikuwa na njia nyingine ninayoipenda zaidi: balbu. Badala ya antena unaunganisha balbu ya kawaida ya taa, unarusha, inawaka. Pembeni unaweka balbu nyingine ya aina ileile na kuiwasha kwa umeme wa kawaida unaoweza kuupima. Unapunguza au kuongeza mpaka macho yako yaone zimelingana mwanga. Nguvu ya balbu ya pili unaijua, basi ya kwanza umeijua.

Balbu ina kasoro yake. Uzi wake ukiwa baridi una ukinzani wa kama sehemu moja ya kumi ya ule wa moto, au chini ya hapo. Kwa hiyo transmita inaona mzigo unaobadilika kila unapogusa kitufe. Lakini wazo lenyewe la kulinganisha, yaani usipime umeme wa redio, tafuta umeme wa kawaida unaoleta athari ileile halafu upime huo, ni wazo kubwa. Maabara za vipimo zilikuja kulitumia kwa umakini mkubwa zaidi, kwa vipande vidogo vinavyobadili ukinzani vikipata joto. Tulishike wazo hili, tutalihitaji mwishoni.

Omu 50 na kipande cha kuchomeka

Hatua iliyofuata ilihitaji makubaliano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baada yake, kebo na vifaa vya redio vilizidi kujengwa kwa namba moja: omu 50. Ukishajua ukinzani, mambo yanarahisika, maana volteji peke yake inatosha. Wati 100 kwenye omu 50 ni volti 70.7. Wati 5 ni volti 15.8. Pima volti, zidisha zenyewe kwa zenyewe, gawa kwa 50.

Hapo kuna mtego ambao wanafunzi wengi, mimi nikiwemo, tunausahau. Kwa kuwa volteji inajizidisha yenyewe, kosa nalo linakua. Ukikosea volti kwa asilimia 10 kwenda juu, wati umezikosea kwa asilimia 21.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Bird ya Marekani ilileta watimita yake ya modeli 43. Inakaa katikati ya kebo, na ina kipande cha duara cha kuchomeka. Kipande kikielekea antena, mita inaonyesha nguvu inayokwenda. Ukikizungusha nusu duara, inaonyesha nguvu inayorudi kwa sababu antena imeikataa. Kila kipande kina nguvu yake ya juu na masafa yake. Mpaka leo utaikuta kwenye karakana za redio, na mafundi wanaiheshimu kama mzee wa ukoo.

Lakini hata mzee ana masharti. Usahihi wake ni asilimia 5 ya kipimo kizima, si ya namba unayoisoma. Kipande cha wati 100 kinaruhusiwa kukosea kwa wati 5 popote kwenye uso wa mita. Ukisoma wati 100, vizuri, iko kati ya 95 na 105. Ukisoma wati 5 kwa kipande hichohicho, ukweli unaweza kuwa karibu na 0 au karibu na 10. Mita ni nzima, wewe ndiye umeiuliza swali isiloliweza.

Kisha Aprili 1959, Warren Bruene, mhandisi wa kampuni ya Collins, aliandika makala kwenye jarida la wanaredio la QST akieleza watimita yenye muundo mwepesi. Kebo inapita katikati ya pete ndogo iliyozungushiwa waya, na pete inachukua sampuli ya mkondo. Kapasita mbili zinachukua sampuli ya volteji. Wimbi likiwa linakwenda mbele, sampuli hizo zinajumlishwa. Likiwa linarudi, zinafutana. Kifaa kilikuwa kidogo, cha bei nafuu, na kiliingia ndani ya redio yenyewe. Ukifungua redio ya mawasiliano ya leo, uwezekano ni mkubwa utakutana na ndugu yake karibu na tundu la antena.

Sheria yafuata mita

Sheria ilichukua muda kufika. Wanaredio walikuwa wamehamia kwenye sauti ya upande mmoja wa wimbi, ambayo nguvu yake inapanda na kushuka kwa kila silabi. Mshale wa mkondo wa kuingia ulikuwa unarukaruka, na kusema "hii ni kilowati 1" kukawa kazi ya kukisia. Mwaka 1983 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliachana na hesabu ya kuingia kwa wanaredio wa ridhaa na kuweka mpaka mpya: wati 1,500 za kilele, zinazopimwa pale zinapotoka. Baada ya miaka 70 ikaanza kuhesabiwa mikate badala ya unga.

Redio haijui wati

Turudi sasa kwenye redio yangu ya mtumba na skrini yake. Redio hiyo ina uwezo wa kufika wati 100. Ndani yake, ile pete ya Bruene inatoa volteji ndogo, dayodi inaigeuza kuwa umeme wa moja kwa moja, chipu inaigeuza kuwa namba. Namba hiyo haina maana yoyote. Kiwandani, fundi aliunganisha redio na mzigo bandia wa omu 50 na watimita ya kuaminika, akarusha wati zinazojulikana, akaiambia redio: "Namba unayoiona sasa hivi, iite 100. Hii iite 50. Hii iite 10." Akarudia kwa kila bendi, redio ikahifadhi jedwali. Kwenye redio za zamani kazi hiyo ilifanywa kwa bisibisi ndogo kwenye skrubu za kurekebishia. Leo ni menyu iliyofichwa, lakini tendo ni lilelile.

Kwa hiyo jibu la swali la Profesa ni hili: redio iliambiwa na mtu, siku moja, mahali fulani, kwa mita fulani. Na chini kabisa ya jedwali, kwenye wati 5, ndipo penye hatari zaidi. Dayodi inahitaji volteji kidogo kabla haijaanza kupitisha umeme vizuri, kwa hiyo kwenye nguvu ndogo namba zake hazifuati mstari. Pete na kapasita nazo hazina tabia moja kwenye bendi zote.

Nilihitaji kuhakiki kwenye wati 5, na mita pekee niliyoweza kuazima ilikuwa na kipande cha wati 100. Mmeshaona kwa nini haikunifaa. Ndipo nikakumbuka zile balbu mbili.

Nilinunua rezista 20 za omu 1,000, wati 2 kila moja, zisizo za kuzungushia waya kwa sababu hizo zinajifanya koili. Nikaziunganisha sambamba zikawa omu 50, nikaziweka ndani ya kopo dogo la bati pamoja na kihisi cha joto. Nikarusha "wati 5" kwenye megahezi 14, nikasubiri kama dakika 20 mpaka joto likatulia, nikaliandika. Kisha nikachomoa redio, nikaunganisha usambazaji wa kawaida wa umeme wa moja kwa moja kwenye kopo lilelile, nikawa naongeza volti polepole mpaka joto likarudi palepale. Nikarudia kwa kila bendi. Ilinichukua Jumamosi nzima, na feni ya chumba niliizima ili upepo usiniharibie, kwa hiyo jasho nalo lilikuwa sehemu ya jaribio.

Kwenye megahezi 14, joto lililingana kwa volti 15.5. Hiyo ni wati 4.8. Nikapumua.

Kwenye megahezi 21, volti 12.2. Wati 3.

Kwenye megahezi 28, volti 10 kamili. Kumi mara kumi, gawa kwa 50. Wati 2.

Nilirudia ile ya mwisho mara tatu. Wati 2. Skrini muda wote ilikuwa inasoma 5.

Kutoka 5 kwenda 2 ni pungufu ya desibeli 4. Tofauti niliyokuwa nimeionyesha kwenye semina kati ya bendi ya 14 na ya 28 ilikuwa wastani wa desibeli 5. Yaani sehemu kubwa ya "ugunduzi" wangu kuhusu ionosfia, kilomita mamia kadhaa juu ya vichwa vyetu, ilikuwa inatokea ndani ya boksi lililokuwa mezani kwangu, sentimita chache kutoka kwenye kikombe changu cha chai.

Nilichofanya

Data haikupotea yote. Kosa lilikuwa la kudumu kwa kila bendi, kwa hiyo mabadiliko ya asubuhi, mchana na jioni ndani ya bendi moja yalibaki salama. Kilichokufa ni ulinganisho wa bendi kwa bendi, na hicho ndicho kilichokuwa kichwa cha sura yangu ya nne. Nilikiandika upya. Nilirudi kwenye semina na grafu mbili, ya zamani na iliyorekebishwa, nikaeleza mbele ya watu walewale. Haikuwa siku ya raha, lakini Profesa safari hii aliuliza kuhusu ionosfia.

Redio yenyewe niliirekebisha kupitia ile menyu iliyofichwa, bendi baada ya bendi, nikilitumia kopo langu kama jiwe la mizani. Tarehe na njia ya upimaji nimeziandika kwenye karatasi, nikaibandika juu ya redio, ili atakayeirithi asiiamini bure kama nilivyoiamini mimi. Na zile namba za miezi mitatu nilizokwisha kuzitangaza duniani haziwezi kurudi. Ziko kwenye hifadhi ya wazi zikisema wati 5. Kwenye tasnifu nimeandika aya nzima ya kuonya kuhusu data yangu mwenyewe.

Ukiwa mwanafunzi wa maabara yoyote, si lazima iwe ya redio, chukua kifaa kimoja unachokiamini zaidi na ujiulize swali la Profesa: nani alikiambia? Fuata mnyororo nyuma, kutoka kwenye skrini kwenda kwenye chipu, jedwali, mita ya fundi, mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukigusa. Kwangu ulikuwa ni kopo la bati lenye joto. Kama mnyororo umekatika mahali, ni afadhali ugundue wewe Jumamosi moja na feni imezimwa kuliko agundue mwingine baada ya kazi yako kuchapishwa.